Majina Yaliyoanikwa Bulengera

Nilipokuwa mtoto, mmisionari alikuwa mzungu mwenye ndevu anayepanda pikipiki na kusema Kinande kupitia puani. Kwa hiyo siku padiri wa parokia yetu kule Mulekera, Beni, alipotuambia mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, kwamba kanisa linatafuta wamisionari wa kujitolea, watu waliokwisha kustaafu, nilicheka mbele yake.

"Padiri, mimi misionere? Na hii magoti?"

"Kazi ni ya kuikala chini, Mama," akanijibu. "Inaomba macho na uvumilivu."

Macho nilikuwa nayo. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikazeeka. Uvumilivu alikuwa nao mzee wangu, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, na zaidi ya hayo ameishi na mimi. Tukamwachia binti yetu nyumba na shamba la kakao, tukapanda gari kwenda Butembo.

Butembo kuna baridi. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye mabati, na mtu wa Beni analala na soksi. Tulipewa chumba Bulengera, karibu na nyumba ya matofali vinamohifadhiwa vitabu vya zamani vya maparokia: vya ubatizo, vya ndoa, vya wafu. Msimamizi alikuwa padiri mwembamba, mpole, aliyenawa mikono kama daktari anayeingia kupasua mgonjwa. Alitufundisha kufuta vumbi kwa brashi laini, kufungua ukurasa kwa kuushika kwenye pembe ya juu, na kuupiga picha kwa kamera iliyofungwa kwenye mguu wa chuma. Mzee wangu alifunua, mimi nilipiga. Ndivyo zilivyokuwa siku zetu.

Nilidhani nitachoka upesi. Lakini sisi Wanande tunamwita mtoto kwa nafasi yake ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na hivyo hivyo kwa wavulana, katika kila nyumba. Katika vitabu vile jina la mvulana wa kwanza lilirudi na kurudi, kilima kwa kilima, kwa wino mweusi kisha wa buluu, mpaka nikaona kana kwamba ni mtu mmoja anayezaliwa tena bila kuchoka. Anayemtofautisha na wenzake ni mama yake, jina lake likiwa limeandikwa pembeni. Siku nyingine nilishusha mkono kutoka kwenye kamera, nikakaa tu kuwatazama wale kina mama.

"Unaona nini?" mzee wangu akiniuliza, nilimwonyesha pembeni mwa ukurasa.

Kisha likaja lile sanduku.

Upande wa Beni kuna parokia moja ambayo watu wake walikimbia vita, na mapadiri wake wakaamua vitabu vitoke kabla havijachomwa. Lori lililokubali kuvibeba lilikuwa la Mwislamu mmoja wa Bungulu, kule kule Beni, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe, aliyezoea kuleta kakao Butembo. Alifika kwetu saa za asubuhi akiwa na matope hadi magotini, akateremsha sanduku la bati, na kabla hatujamkaribisha akasema:

"Mama, munisamehe. Mvua ilitushika ku njia, bashi ya kufunika mizigo ikapasuka. Niliweka sanduku chini ya magunia juu bezi ba barabara basiione. Mayi sikuiwaza."

Padiri akafungua kifuniko. Maji yalikuwa yamefika katikati. Vitabu vilikuwa vimevimba kama mikate, na harufu yake ilikuwa ya mto. Nilimwona Padiri akifumba macho, midomo ikicheza.

"Usifungue hata kimoja," alisema hatimaye. "Karatasi ikiroa inashikana. Ukiilazimisha inakuja na maandishi yote. Inaomba upepo, kivuli, na kitu cheupe cha kunyonya maji. Jua hapana."

Tukatazamana. Uwanja wetu ulikuwa mdogo na wazi. Ndipo mzee wangu alipokumbuka rafiki yake wa biashara ya kahawa, chini kidogo ya barabara, mwenye zile meza ndefu za waya za kuanikia. Msimu ulikuwa umekwisha, meza zilikaa tupu. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, akarudi na wanawake wa mtaa wamebeba meza vichwani, wawili wawili, wakizipitisha katikati ya pikipiki za watu waliokuwa wakielekea sokoni. Wakazipanga chini ya paa la veranda. Wengine wakaleta mashuka yao. Hayakutosha, na vikwembe, yaani vitenge vyetu, hatukuthubutu kuvitumia, maana rangi ingehamia kwenye karatasi.

Yule dereva alikuwa bado amesimama getini. Nilifikiri anangoja chai. Aliondoka bila kuaga, na baada ya muda akarudi na pikipiki ya kukodi, amekumbatia robota la kitambaa cheupe, kipya.

"Ni ya duka ya mukubwa yangu wa hapa Butembo," alisema. "Tunafungiaka nayo batu betu bakikufa. Mukate tu vipande."

Mzee wangu alipokea kitambaa akabaki nacho mikononi. "Baba, hii ni sanda. Utatupatia sanda juu ya vitabu ya bakristo?"

"Ni majina ya batu," dereva akasema. "Mutu hapana kutupa majina ya batu."

Mkasi ulikuwa wangu. Nilikata vipande vya ukubwa wa ukurasa.

Tulifanya kazi siku ile na zilizofuata. Kipande cha sanda kati ya kurasa, kukibonyeza taratibu, kukitoa kikiwa kimelowa, kuweka kingine. Wanawake walikamua, wakaanika, wakaleta vikavu. Kitabu kimoja cha ndoa kilitushinda. Katikati yake kilikuwa uji, na Padiri alikibeba mwenyewe kwenda ndani. Vingine vilianza kuachia. Ukurasa ulipojitenga na mwenzake ulitoa sauti ndogo, na kila mara wanawake waliinua vichwa.

Kati yao alikuwamo mama mzee sana, mkimbizi aliyehifadhiwa na jamaa zake hapo mtaani. Wote walimwita Mukaka, bibi. Alikuwa akikamua vitambaa. Siku ya pili alimkaribia mzee wangu.

"Hii vitabu ni ya wapi?"

Mzee wangu akamtajia parokia.

"Ni ya kwetu," akasema. "Unisomee."

"Nisome nini, Mukaka?"

"Majina. Mimi hapana kujua kusoma."

Mzee wangu akamtazama Padiri, Padiri akakubali kwa kichwa. Akaanza kusoma ukurasa uliokuwa mbele yake, pole pole, mtoto, baba, mama, kilima. Na Mukaka akawa anajibu.

"Ule iko Kasindi, anauzisha samaki." Jina jingine. "Alikufa." Jingine. "Balikufa na muke yake, siku moja." Jingine, naye akacheka: "Mwizi wa ndizi!"

Kukamua kukasimama. Watu waliokufa na walio hai walikuwa wakiingia uwanjani mmoja mmoja kwa sauti ya mzee wangu, naye Mukaka akiwaonyesha mahali pa kukaa.

Kisha mzee wangu akasoma jina la msichana mmoja, wa kwanza kuzaliwa. Wino ulikuwa umekimbia, ikabidi auinamishe ukurasa kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na msalaba mdogo, alama ya kifo, wa mwezi ule ule aliobatizwa. Mukaka hakujibu. Mzee wangu akadhani hakusikia, akarudia.

"Ile ni yangu," Mukaka akasema. "Mutoto yangu wa kwanza. Alinyonya siku kidogo tu. Picha haiko. Kaburi iko kule, njia imefungwa. Bale balimuona balikufa bote. Nilianza kuwaza labda niliota tu."

Padiri, ambaye hakuwa ameruhusu kidole kitupu kugusa karatasi mbichi, alisogeza kitambaa, akamshika Mukaka mkono, akauongoza.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mukaka."

Aliacha kidole pale. Hakulia. "Wasingya," alisema, asante kwa Kinande, na mpaka leo sijui alikuwa akimshukuru nani. Sisi tulilia.

Habari zikatembea. Kesho yake watu walikuwa getini wakitaka kusomewa, wala si wa parokia ile peke yake. Padiri akapanga mchana mmoja kila juma. Tunaketi verandani, mzee wangu au mimi, na kusoma vitabu vilivyokwisha kupigwa picha. Wanakuja wakulima wakiwa na majembe yao, wanakuja wafanyabiashara, wengine kwa pikipiki kutoka Bungulu na Mulekera njia ikiwa nzuri. Wanaketi kwenye mawe. Jina la mtu wao likipita wanasema neno moja au mawili juu yake, kisha wananyamaza ili nisome la mwingine.

Mukaka anakuja daima. Ukurasa wake hajauomba tena. Anaketi mbele, viganja juu ya magoti, na kusikiliza watoto wa wengine.