Gari Halikufika Msimbu

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba huko Dar, kwenye televisheni, kuna ofisi yenye mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu magari kwenye video za muziki. Kinyozi wangu wa Kongowe ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe humbishii. Video ikifika, alisema, yule bwana anavaa miwani na kuanza kuhesabu. Gari moja, inapita kwa taabu. Mawili, inapigwa mchana. Matatu, inapigwa hata kabla ya taarifa ya habari. Isiyo na gari hata moja inatumbukizwa kwenye pipa la maji.

"Na pikipiki?" nikauliza.

"Nusu," akajibu, akaendelea kunyoa.

Jambo hilo lilinihusu sana, maana mchana nachomelea mageti na madirisha, lakini jioni, saa kumi na moja, nilikuwa nanawa masizi na kwenda darasani pale Kibaha kujifunza kutengeneza video. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nimejibana kwenye kiti cha plastiki kilicholia kila nikipumua. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akiingia ananiambia, "Shikamoo, baba." Mimi najibu, "Marahaba, Madam." Darasa linacheka, yeye anacheka, halafu ananirudishia daftari limejaa wino mwekundu kama limechinjiwa kuku.

Zoezi la mwisho lilikuwa kutengeneza video ya wimbo, kisha ueleze umefuata mazoea gani ya muziki wa aina hiyo na umevunja yapi. Mara ya kwanza nilianguka. Nilikuwa nimeazima gari jeusi la mteja wangu, nikalipiga picha mbele, nyuma, matairi, usukani, hadi tundu la funguo. Sababu ya kuanguka niliijua palepale bila kumuuliza mtu: gari lilikuwa moja tu.

Kanuni ya chuo ilikuwa hivi: zoezi la mwisho unalirudia mara moja, ukianguka tena unaondoka bila cheti. Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshachomelea fremu ya cheti. Chuma safi, rangi ya dhahabu, imetundikwa sebuleni ikiwa tupu, na kila mgeni alikuwa ameshaoneshwa. Mke wangu aliifuta vumbi kila Ijumaa bila kusema neno. Angenitukana ningepumua. Ule ukimya ndio uliokuwa unanichoma kuliko moto wa kazini.

Safari ya pili nikaungana na mwanafunzi mwenzangu, mama muuza maandazi, Mzaramo wa Msimbu kule Kisarawe. Sauti ya mama huyu ikipanda, mabati ya Kongowe yote yanaitikia. Alikuwa na wimbo wake wa mapenzi, wa taratibu, kuhusu mwanamke anayemwambia mumewe ashuke mgongoni mwake atembee kwa miguu yake. Nikampa mpango wangu: magari matatu, miwani ya jua, mrembo ameegemea boneti.

"Sasa, fundi," akauliza, "mwanamume mwenye magari matatu mimi nambeba wa nini?"

"Hiyo ni sanaa," nikamwambia.

Alitaka tukapigie nyumbani kwa shangazi yake, Msimbu. Nikakubali kwa sababu uwanja ni mpana, magari yatajipanga vizuri. Mteja wangu akaapa kuleta yote matatu. Chuo kikatupa kamera kwa Jumamosi moja tu, jioni irudi.

Tulifika mapema kwa pikipiki mbili, kamera mgongoni, na toroli ya kubebea kamera niliyoichomelea mwenyewe kwa magurudumu ya baiskeli. Tukasubiri. Saa nne hakuna gari. Saa sita simu ikalia.

"Fundi, nimefika kwenye tope nimegeuza," akasema mteja. "Haya magari ni ya lami."

Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nikaiona akilini ile fremu ya sebuleni, tupu, inang'aa.

"Tupige na pikipiki," akasema mwenzangu. "Ziko mbili. Kwa hesabu za kinyozi wako, hilo ni gari zima."

"Gari zima moja ndilo lililoniangusha!"

Shangazi yake alikuwa pembeni akimenya mihogo. Akauliza tunalilia magari ya nini. Nikamweleza kwamba staa hawezi kuingia kwenye video kwa miguu kama anakwenda kisimani, lazima afike.

"Huku kwetu mtu wa siku hafiki na gari," akasema. "Mwali akitoka ndani anabebwa mabegani, watu wanaimba, anaonwa na mji mzima. Gari gani litamwinua mtu hivyo?"

Nikaruka juu. "Basi tumbebe mwimbaji!"

Kisu kikawekwa chini. "Huyu nilimtoa mimi mwenyewe, enzi za usichana wake. Mwali hutoka mara moja. Hapo hapachezewi."

Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Shangazi akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe kwenu wapi?"

"Tabora, shangazi. Mnyamwezi."

"Mtani!" Alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Umekaa hapa tangu asubuhi unanigawia shikamoo, kumbe mtani?"

Mambo yakageuka palepale. Mzaramo na Mnyamwezi wana utani wa tangu mababu, na kitu ambacho mwingine akikifanya ni matusi, mtani akikifanya ni kicheko.

"Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani," akasema, tayari anafungua kanga yake ya pili. "Leo pwani inakubeba wewe. Mwanamume wa kwenye wimbo si ndiye anayebebwa? Haya, mwali kapatikana!"

"Mtaweza, shangazi? Nasikia Wazaramo kazi mnayoiweza ni ngoma tu."

"Na hii ndiyo ngoma. Mfungeni!"

Nikafungwa kanga juu ya koti, shanga shingoni, miwani ya jua nikaachiwa. Mpwa wake, jamaa anayeinua magunia ya mkaa kama mito, akaniinamia nikapanda. Mimi nina kilo mia na tano. Siku ile, kwa kanga na aibu, nilifika mia tatu.

"Shangazi!" akagumia. "Huyu Mnyamwezi kameza geti!"

Nilikuwa nimeshaiwasha kamera kwenye toroli, na shangazi mwenyewe akashika kamba, akawa anaivuta kinyumenyume huku akitoa amri. "Rembua, mtani! Mikono! Mwali gani anakaa kama mlingoti?" Mwimbaji alitembea mbele kwa miguu yake, anaimba akiitazama kamera. Nyuma yake mimi naelea angani, nayumbisha mabega, na majirani wamejipanga njia nzima wanapiga vigelegele ambavyo hatukuwaomba.

Tulipofika pale wimbo unapomwambia mume ashuke, mpwa akaishiwa nguvu. Hakuniteremsha, alinimwaga. Mwimbaji akageuka, akaangua kicheko katikati ya mstari, akageukia mbele akaendelea kuimba na kutembea. Mimi nikakusanya kanga, nikamfuata mbio kwa miguu yangu hadi wimbo ukaisha.

"Turudie?" nikauliza.

"Mwali hutoka mara moja," akasema shangazi, na mpwa akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kwenye karatasi ya maelezo niliandika ukweli. Tumefuata: staa anafika kwa kishindo, miwani ipo, mrembo yupo. Tumevunja: gari ni mtu, anayebebwa ndiye anayeimbwa vibaya, mwimbaji anatembea, na mrembo ni mimi. Siku ya kuonesha, darasa lilicheka hadi viti viwili vikavunjika, na changu hakikuwamo. Nilifaulu! Ukelele nilioupiga ulisikika Mlandizi, na asiyeamini akawaulize. Mke wangu alikitia cheti kwenye fremu kwa mkono wake. Kilikuwa kidogo kuliko fremu, nikachomelea fremu nyingine ndani yake. Ijumaa iliyofuata aliifuta vumbi akiimba ule wimbo.

Lakini siku nilipokwenda kukichukua, kabla sijaondoka mezani kwa Madam, niliona ni adabu kumshukuru.

"Asante kwa kunisamehe magari," nikasema.

"Magari gani?"

Nikamweleza yote: ofisi, miwani, pipa la maji, nusu ya pikipiki. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunika kalamu yake.

"Baba, mtu huyo hayupo. Kwenye video yako ya kwanza gari lilionekana dakika tatu, mwimbaji sekunde tisa. Nilishindwa kujua nani anaimba."