Fainali Tuliyoiga Japani

Mimi ni dereva wa nyumba hapa Jeddah, na kazi ya dereva wa nyumba ni kungoja. Madam anaingia dukani, anasema dakika kumi, anatoka baada ya saa tatu. Wenzangu hulala garini. Mimi husoma simu, na mwaka ule nilikuwa nimezama katika historia ya mpira wa Japani. Msiniulize kwa nini Japani. Video moja ilileta nyingine, mwisho nikajikuta najua mambo yasiyomsaidia mtu yeyote.

Kilichoniteka ni namna walivyompata bingwa. Ligi yao ya kulipwa ilipoanza, msimu uligawanywa vipande viwili. Mshindi wa kipande cha kwanza alikutana na mshindi wa kipande cha pili katika fainali, na aliyeshinda hapo ndiye bingwa wa mwaka. Timu moja ikitwaa vipande vyote viwili, fainali haipo. Niliona viwanja vimejaa hadi pomoni, watu wazima wanalia. Nikasema hii ndiyo dawa yetu.

Maana ligi yetu ilikuwa inakufa. Tulikuwa timu sita za Wakenya, madereva, walinzi na vibarua, tukicheza kila Ijumaa asubuhi kabla jua halijaanza kuua. Timu ya Sharafiya ilikuwa inachukua kombe kila mwaka, na kufikia katikati ya msimu wengine walishaona hakuna haja ya kuamka. Nikiwa katibu, nilisimama katika mkahawa mmoja, sahani za wali zikiwa bado mezani, nikaisifu fainali ya Kijapani kama dalali anayeuza gari bovu. Mwenyekiti wetu alikuwa amehamia Riyadh na kafili wake, yule mwajiri anayemdhamini, lakini kiti cha uenyekiti hakukiachia. Alinisikiliza kwa simu.

"Hiyo ni kali, katibu," akasema. "Pitisha."

Mikono yote ikainuka. Nami nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: watakaocheza fainali ni wale tu walioandikishwa katika kipande ambacho timu yao ilishinda. Sikutaka timu iazime wachezaji dakika ya mwisho. Nilijiona nina akili sana.

Sasa niambieni, ni watu gani wangekosea hivyo isipokuwa sisi? Kila mmoja wetu yuko hapa kwa ikama, kibali cha ukaazi chenye tarehe yake ya kuisha. Huyu mkataba unaisha, yule kafili anamhamishia Riyadh, mwingine anaenda likizo harudi. Timu inayoshinda mwanzo wa mwaka haipo mwisho wa mwaka. Tulilijua hilo vizuri kuliko tunavyojua namba zetu za simu, na katika mkahawa mzima hakuna hata mmoja aliyelitaja. Kila nikikumbuka ile mikono iliyoinuka, wa kwanza ukiwa wangu, damu inanichemka.

Kipande cha kwanza kilichukuliwa na timu ya Hindawiyah, watu ambao hawajawahi kugusa kombe. Nahodha wao alikuwa mlinzi wa ghala, mtu wa Vihiga, aliyeianzisha timu ile kwa kugonga milango ya jengo lao akiuliza nani ana viatu. Miaka saba alicheza bila kushinda chochote. Siku waliyokamilisha kipande kile alikaa chini mchangani, akafunika uso kwa jezi, na sisi tukajifanya hatuoni.

Kisha wachezaji wake wakaanza kuondoka. Sharafiya, waliokuwa wameanza vibaya, wakapata vijana waliotoka uwanja wa ndege juzi, miguu bado ina nguvu ya nyumbani, wakatwaa kipande cha pili. Lakini nahodha wa Hindawiyah aliokota watu wapya na kupambana hadi mwisho. Nilijumlisha pointi za mwaka mzima mara tatu, nikingoja nje ya duka la vitambaa. Hindawiyah walikuwa wa kwanza, mbali sana. Sharafiya walikuwa wa tatu. Kwa utaratibu wetu wa zamani, Ijumaa ile ya mechi ya mwisho nahodha angebeba kombe lake.

Alinifuata jioni akiwa bado na sare ya ulinzi.

"Katibu, nimepewa eksiti, viza ya kuondoka. Kampuni imenikatia tiketi, naenda nyumbani moja kwa moja. Ijumaa ijayo bado nipo. Ile ya pili sipo. Fanya tucheze Ijumaa ijayo, hapa hapa Jeddah. Mimi sikuombi kitu kingine."

Nilimpigia mwenyekiti. Akanijibu kwamba fainali itachezwa Riyadh, baada ya wiki tatu, kwa sababu ameshawaambia watu wa huko na amepata uwanja mzuri wa nyasi.

"Lakini nahodha anasafiri, mwenyekiti."

"Mpira hauchezwi na mtu mmoja. Halas, yameisha, tangaza."

Wiki tatu! Mtu hajatazama hata mechi moja mwaka mzima, anatuendesha kwa simu kutoka Riyadh, na anataka nyasi! Nilimkasirikia siku nzima. Nilipiga usukani. Kisha nikatangaza. Katiba yetu ilisema ratiba ni kazi ya katibu, na ningeweza kuandika Ijumaa ijayo wakanifukuza baadaye. Lakini nami nilitaka kuona uwanja umejaa, kama zile picha.

Ulijaa. Wakenya wa Riyadh walikuja kwa mabasi, kina dada wa kazi za nyumbani waliopata ruhusa siku hiyo walikuja na filimbi. Hindawiyah waliingia wakiwa wanane, kwa sababu katika orodha ya kipande cha kwanza ndio pekee waliokuwa wamebaki Saudia. Wale watu wapya, waliokimbia nusu ya pili ya mwaka, waliketi pembeni na jezi zao, wamezuiwa na kanuni yangu. Wale wanane walifungwa mabao manne. Mwenyekiti, ndani ya suti katika jua lile, akawakabidhi Sharafiya kombe na kuhutubia juu ya nidhamu.

Kwenye basi la kurudi ndipo nikasoma ile historia hadi mwisho, jambo ambalo mwenye akili angelifanya mwanzoni. Wajapani waliiacha fainali ile msimu mmoja, wakairudia, wakaiacha tena miaka kumi. Walipotaka kuirudisha, mashabiki walitundika mabango viwanjani kupinga. Viongozi wakairudisha hivyo hivyo, kwa ajili ya fedha na televisheni. Ikadumu misimu miwili. Katika ule wa mwisho, timu ya tatu kwa jumla ya pointi ilimnyang'anya kombe aliyekuwa wa kwanza, kwa hesabu ya mabao ya ugenini, kisha fainali ikafutwa. Yote yalikuwa yameandikwa, na mimi nilisoma mpaka pale penye makofi.

Kikao kilichofuata tuliifuta fainali yetu kwa dakika mbili. Mikono ile ile ikainuka, na hakuna aliyeona haya.

Nilimpigia nahodha nyumbani kumwambia. Nilimweleza pia kuhusu Wajapani, nikidhani itampoza.

"Kwa hivyo nao waliifuta," akasema.

"Waliifuta."

"Na yule aliyekuwa wa kwanza, walimrudishia kombe lake?"

"Hapana."

Nikaanza kumlaumu mwenyekiti, wiki tatu zake, nyasi zake, suti yake. Nililaumu kwa muda mrefu, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya upole.

"Walipopewa kombe, ulipiga makofi?"

Nilimwambia ukweli kwamba nilipiga, na kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwa sababu kuanzisha makofi ni kazi ya katibu.