Kitanda cha Pili, Chumba Ishirini na Saba

Kazi ya Zachariah Were ilikuwa kutandika vitanda vya watu waliokuwa wakisomea kuongoza nchi. Ndivyo walivyoambiwa siku ya kufungua mwaka wa masomo, kwamba nchi inawangoja, na pengine ni kweli ilikuwa inawangoja. Lakini mwaka ule wa sabini na sita, nchi ilibidi ingoje mpaka saa nne asubuhi, maana kabla ya hapo wenyewe walikuwa bado chini ya blanketi. Zachariah alibisha, akangoja, akabisha tena, kisha akafungua kwa ufunguo wake uliofungua milango yote ya ghorofa ya pili. Kiongozi wa kesho aligeukia ukutani na kusema, "Were, anza na cha jirani."

Vyumba vyake vilikuwa ishirini na vinne, kuanzia namba ishirini na tano, kila kimoja na vitanda viwili. Bweni lenyewe wanafunzi waliliita Manjano, kwa ajili ya rangi yake iliyofanana na uji wa mgonjwa. Humo mwanafunzi alipikiwa, alifuliwa, alifagiliwa na kutandikiwa. Alichotakiwa kuja nacho ni kichwa tu, na wako waliokisahau nyumbani. Kila Ijumaa mashuka machafu yalishuka kwa dobi na masafi yakapanda, na Zachariah ndiye aliyeyapandisha na kuyashusha.

Alikuwa mtu wa Samia, kule Busia, mwenye miaka hamsini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza Nairobi. Mkewe Namalwa alibaki na shamba, na walionana Desemba. Yeye alipanga chumba kimoja cha mbao Dagoretti Corner, nyuma ya duka la mafuta ya taa, ambapo majirani walihama kabla hajashika majina yao. Jumapili alikwenda kanisani. Mzee wa kanisa alimsalimu akiingia, akamsalimu akitoka, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Alitandika vitanda arobaini na vinane kwa siku, na cha kwake akakiacha kama alivyoamka. Nani angekiona?

Basi usishangae kwamba siku Athman alipomwambia shikamoo, Zachariah alitazama nyuma yake kuona ni nani anayesalimiwa.

Athman Hemed alitoka Lamu, kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza aliyekuja kusomea uchoraji wa majengo. Idi ilikuwa imepita wiki moja tu, na mama yake alikuwa amemfungia makopo mawili ya halua.

"Shikamoo, mzee," alisema tena, kwa vile hakujibiwa.

"Mzuri," Zachariah akasema.

Athman hakucheka. Watu wa kwao wamefunzwa kucheka mgeni akishaondoka. "Moja la kwangu na moja la mwenzangu," alisema, akipanga makopo dirishani. "Wewe wamjua? Huyu Tobias Ogutu?"

Jina la Tobias Ogutu lilikuwa kwenye kadi mlangoni, chini ya lake. Zachariah hakumjua. Kitanda cha Tobias kilikuwa tayari, kimekazwa shuka mpaka ukitupa sarafu inaruka.

Wiki ya kwanza Tobias hakuja. Ya pili hakuja. Athman alikuwa na masomo ya alasiri siku tatu za wiki, na asubuhi za siku hizo alikaa chumbani na ubao wake wa kuchorea. Alileta chai ya ukumbi wa chakula kwenye chupa, akaitia tangawizi aliyokuja nayo kwao. Zachariah akiingia na ufagio alimkuta amemimina vikombe viwili.

"Kaa, mzee. Vumbi halitakwenda popote."

"Madam akipita anipate nimekaa, ni mimi nitaenda popote."

Lakini alikaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, ufagio katikati ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa. Wiki ya tatu alikuwa ameshaegemea.

Athman aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza Zachariah Nairobi. Samia mvua huanza lini? Namalwa humpikia nini akifika? Kisha siku moja akauliza, "Nyumba yako kule ina vyumba vingapi?"

"Kimoja na nusu."

"Nusu?"

"Pesa ya mabati iliisha."

Athman akatoa karatasi mpya, akaipigilia ubaoni. "Nambie unayoitaka. Mwalimu wetu atutaka tuchore nyumba ya mtu wa kweli." Wakaanza. Zachariah alitaka sebule kubwa. Alitaka dirisha linalotazama barabara, aone nani anakuja. Kila asubuhi ya chai walisogeza ukuta, wakaurudisha. Ukimwona Zachariah akibishana na msomi kuhusu mahali pa jiko, ungedhani yeye ndiye anayempa maksi.

Kabla ya kuondoka, kila mara, Athman aliuliza lile moja. "Ofisini wasemaje, mzee? Mwenzangu yuaja lini?" Usiku kule bwenini, alisema, alikuwa akizima taa hana wa kumwambia nazima taa. Wenziwe wa darasani walikuwa na lugha zao na utani wao wa tangu shule. Walimwita Bwana Pwani, wakamuuliza kama amekuja na ngalawa, kisha wakaenda mjini bila yeye.

"Nitakuulizia," Zachariah alisema.

Hapo ndipo ilipo aibu yake, na nitaieleza jinsi ilivyokuwa. Kila Ijumaa Zachariah alijaza fomu: chumba hiki, vitanda viwili vimelaliwa, chumba hiki, kimoja. Wiki mbili za kwanza ofisi iliwavumilia waliochelewa; baada ya hapo kitanda kitupu haikukiacha. Wanafunzi wapya walikuwa wengi kuliko mabweni, na thelathini kati yao walikuwa wamewekwa katika nyumba ya kupanga kule Kilimani, wakiletwa na basi la chuo asubuhi na kurudishwa jioni kama watoto wa nasari. Ofisi ikisikia kuna godoro moja wazi Manjano, mmoja wao angelala juu yake kabla halijapoa. Na mwanafunzi wa chumba ishirini na nane, aliyesoma shule moja na Tobias Ogutu, alikuwa amemwambia Zachariah tangu wiki ya tatu, bila hata kufumbua macho, "Ogutu? Huyo yuko Uhindi anasomea udaktari. Hakuji." Akageukia ukutani.

Zachariah alikuwa anajua. Ijumaa hiyo alifika ishirini na saba na mashuka masafi mikononi. Athman alikuwa darasani. Alitazama kitanda cha Tobias, kilichokazwa vizuri. Alifikiria kijana wa Kilimani akiingia na sanduku lake, kiti kimoja kikiwa chake, kikombe cha pili kikiwa chake. Halafu akaweka goti juu ya godoro. Akalisukuma huku na huku, akavuta blanketi, akakunja mto kwa ngumi. Mtu aliyekuwa akilipwa kutandika akawa anatandua. Alipomaliza aliyatoa mashuka yale yasiyolaliwa, akayatia kwenye kapu la kufua, akatandika masafi, na kwenye fomu akaandika: viwili.

Madam Philister, msimamizi wa bweni, mwanamke aliyetembea kama anayehesabu hatua za wengine, alitia sahihi bila kuuliza.

Aliyeuliza ni Kavata wa kufulia. Kavata alikuwa na mikono mizito na pua nyepesi.

"Zachariah, huyu mtu wako wa ishirini na saba hana jasho?"

"Ni msafi."

"Msafi namna gani? Shuka yake inanukia sabuni yangu mimi mwenyewe. Hata askofu huacha kitu kwa mto." Akarusha shuka kwenye lundo. "Ama analala akiwa amesimama?"

"Fua, mama."

"Nafua. Nafua kitu safi kila Ijumaa. Siku moja nitaandikiwa barua ya pongezi."

Iliendelea hivyo wiki saba. Athman aliuliza, na Zachariah alisema ofisini wanasema atakuja, barua imechelewa. Mwishoni mwa Oktoba Athman alifungua kopo lake la halua, wakala wote wawili. La pili hakuligusa. "La mwenzio huliwa na mwenyewe," alisema, akalirudisha dirishani. Zachariah alifuta vumbi juu ya kopo lile kila siku, na kila siku aliona jicho la bati likimtazama.

Jumatatu moja ya mwisho wa Novemba alibisha ishirini na saba, hakujibiwa. Akabisha tena. Athman si mtu wa kulala hadi saa mbili asubuhi. Alifungua kwa ufunguo wake.

Kijana alikuwa sakafuni kati ya vitanda viwili, amejifunga blanketi, midomo imepasuka. Homa ilikuwa imempata Ijumaa usiku. Jumamosi alijaribu kwenda zahanati ya chuo, akafika mlangoni, miguu ikakataa. Aligonga ukuta. Ishirini na nane walidhani anapigilia picha. Wafagizi hawafanyi kazi wikendi, na chupa ya chai ilikuwa tupu tangu jana.

"Shikamoo," Athman akasema, kwa sauti ya karatasi.

"Marahaba," Zachariah akasema. Alikuwa ameshajifunza.

"Nilidhani ndiye. Uliposhika kitasa nikadhani ni Tobias."

Zachariah alimbeba mgongoni, ngazi mbili na uwanja wote mpaka zahanati, wanafunzi wakipisha njia. Muuguzi alisema malaria, na kifua pia, na kwamba siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Aliuliza, "Huyu hana mtu wa kulala naye chumbani?"

Zachariah alichukua kofia yake. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Madam Philister, bado anahema, na akasema akiwa amesimama.

"Kitanda cha pili ishirini na saba hakina mtu. Hakikuwa na mtu tangu mwanzo."

Madam alivua miwani. "Ulinijazia viwili. Wiki saba."

"Ndio, madam."

"Niko na vijana thelathini Kilimani wanaamka saa kumi na moja kungoja basi. Kwa nini, Were?"

Zachariah alitafuta jibu ambalo mtu mzima anaweza kulisema ofisini mchana. "Nilikosa," alisema.

Alipewa barua ya onyo. Ya pili, aliambiwa, haingekuwa ya onyo. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, kisha akarudi zahanati, maana hakuwa akimwogopa yule wa ofisini kama alivyomwogopa yule wa kitandani.

Athman alikuwa amekaa kitandani, dripu mkononi.

"Sikuuliza ofisini," Zachariah akasema. "Ulikuwa ukiniambia niulize. Sikuuliza."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nilijua hakuji. Nilikuwa nakivuruga kitanda, nionyeshe kimelaliwa."

"Kwa nini, mzee?"

Zachariah alitazama kofia yake. "Ile chai," alisema.

Kijana aligeuza uso dirishani. Hakugeukia ukutani, na Zachariah alilishika hilo, maana katika kazi yake alijua tofauti. "Ungeniambia," Athman akasema. "Chai ingetosha watatu."

Alhamisi alikuja kijana wa Kilimani, jina lake Lazarus, mnene, mwenye gitaa na kicheko cha kusikika hadi ghorofa ya nne. Kopo la pili la halua lilifunguliwa siku hiyohiyo na likaisha siku hiyohiyo. Athman alipona. Lazarus alikuwa na masomo ya asubuhi, akamkokota Athman waende pamoja, kwanza maktaba, baadaye mjini, baadaye kila mahali. Ukipita koridoni jioni ungesikia vicheko viwili ishirini na saba, kimoja cha Lamu.

Shikamoo haikukatika, tuseme haki. Athman aliisema kila walipokutana, hata akiwa anakimbia ngazi, hata mbele ya wenzake, na sasa hata Lazarus alikuwa ameiga. Lakini asubuhi Zachariah alifungua chumba kitupu. Chupa ya chai ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa, vikombe viwili kando yake, vyote vimetumika. Siku moja mezani palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa Mzee Zachariah juu. Ilikuwa ile nyumba, imekamilika kwa wino, sebule kubwa na dirisha la barabarani. Alisimama akaitazama bila kukaa, ijapokuwa viti vyote viwili vilikuwa wazi. Aliitia mfukoni pamoja na ile barua, akafagia.

Ijumaa alivua mashuka. Ya Athman yalinukia mafuta ya nazi. Ya kitanda cha pili yalikuwa na jasho, makombo ya mkate na wino wa kalamu iliyovuja. Aliyashusha.

Kavata aliyanusa, akainua nyusi. "Haya. Sasa huyu ni mtu."

"Ndio," Zachariah akasema. "Amekuja."

Alichukua masafi ya vitanda arobaini na vinane, akapanda nayo ngazi.