Matete ya Kwenye Kona ya Mto

Ukinikuta siku hizi nimekaa kimya barazani kwangu Malindi, usidhani nimechoka. Masika haya mjomba alinipigia simu kutoka shamba, akasema mto unamfuata bibi. Nilielewa. Bibi yangu kazikwa kule kule bondeni, juu ya kona ya mto, kando ya mpunga wake.

Wewe hukuijua kona ile. Upande wa ndani maji yalipita taratibu na kuacha mchanga mweupe, ndipo tulipocheza. Upande wa nje yalipiga ukingo kwa nguvu, na huko bibi alipanda matete ili mizizi ishike udongo. Sharti lake lilikuwa moja: anayetaka tete la kujengea ua apandikize kwanza, ndiyo akate. Tukishavuna alitupeleka watoto kukanyaga tope kuzunguka vipando vya matete, tukisukumana na kugombana, halafu kila mmoja akapewa pepeta, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa, na nazi iliyokunwa. Harufu ile ningeipata leo ningelia.

Nilipoanza kujenga nyumba yangu, bibi keshafariki, niliukumbuka mchanga ule. Gari ya ng'ombe haikuwa na pa kuteremkia mtoni ili ivuke upande wa mchanga, basi nikakata matete yote, nikachimba njia kwenye ukingo. Sikupandikiza hata moja. Nilijiona mjanja sana. Mvua zilipokuja, maji yalianza kula ukingo papo hapo nilipopafungua.

Nilipofika shamba baada ya simu ile, nilimkuta mjomba maji yamemfika kiunoni, anapigilia vigingi na kusukia makuti. Nikamwamkia. Aliitikia bila kugeuka, akauliza nani aliyekata matete. Nikamwambia ni mimi. Akaninyooshea fungu la vipando.

"Haya, panda. Lakini mamaako asije akaona."

Tulipanda mpaka alasiri. Asubuhi yake ukingo ulikuwa umemeguka na vipando vyote, vigingi vimechukuliwa. Mjomba alianza upya. Mimi nilisimama pale nimekata tamaa kabisa, nikapima kwa miguu: kutoka kaburini mpaka kwenye maji, hatua mbili.

Sasa kila Ijumaa mama ananiomba nimpeleke shamba akamsomee mama yake Yasini. Namwambia barabara ina matope, naye ananiamini. Barabara imeshakauka zamani.