Kikombe Nilichokwisha Kuonja

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikiona mtu amelaza simu yake kifudifudi mezani. Mimi simu siiamini. Ninayo, ndiyo, watoto wangu walininunulia hii yenye kioo kikubwa, lakini ikilia huitazama kwanza kama ninavyomtazama mgeni anayebisha hodi bila kutaja jina. Wajukuu wangu hunicheka. Wacha wacheke.

Wakati huo nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeolewa, mtaa wa Gatsata. Nyuma yangu, mtaa wa Biryogo, nilimwacha rafiki yangu Zaina. Tulijifunza cherehani kwa fundi mmoja, tukala sahani moja, na tulipopata chumba chetu cha kushonea tukagawana kila kitu, hata sindano. Nilipoolewa kila mmoja wetu alinunua simu, zile ndogo za vitufe, tukaambiana kwamba sasa Gatsata na Biryogo ni mlango kwa mlango. Hapo ndipo tulipoacha kutembeleana. Hatukugombana, wala hatukuamua. Ukishasikia sauti ya mwenzako asubuhi, kushuka bondeni hadi Nyabugogo na kupanda tena kilima cha pili unaona ni kujichosha bure.

Basi nikashika mimba, ikaharibika. Niliugua sana, na habari hiyo hatukutaka itoke nje ya nyumba, maana kwetu mambo ya mimba hayatangazwi. Simu yangu alikaa nayo wifi yangu Hawa, msichana mwema asiye na hila. Zaina akipiga, Hawa anakata ili nisiamke. Zaina akiandika, Hawa anajibu kwa jina langu: niko sawa, nina kazi nyingi. Alidhani ananilinda. Mimi nilikuwa kitandani, sijui lolote.

Kule Biryogo, Zaina alikuwa na mteja wetu mkubwa, mama mmoja wa Kiyovu, mtaa wa wenye nacho, aliyeshonesha kwetu mapazia na nguo za sherehe. Mama huyo akaacha kuja ghafla. Zaina akaanza kuunganisha mambo: mteja kapotea, Mariamu, yaani mimi, anakata simu, Mariamu ana kazi nyingi, basi Mariamu kamchukua mteja. Yaliungana vizuri mno, na mambo yakiungana vizuri hivyo mimi siku hizi ndipo ninapoanza kuogopa. Ukibaki peke yako na simu, mwanangu, meseji ile ile kila ukiirudia inakuwa kali zaidi, na hakuna uso mbele yako wa kukuonyesha kwamba umeielewa vibaya.

Alikuja mchana mmoja bila taarifa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukaa sebuleni, pamoja na mama mkwe wangu. Nilimfurahia Zaina hata nikainuka kwa kushika ukuta. Hawa akaleta ubushera, ule uji mwembamba wa mtama tunaowapa wageni.

Desturi unaijua, na kama umekulia ugenini ngoja nikukumbushe. Anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza, mgeni akiona, ndipo humpa. Watu wa hapa wameogopa sumu tangu zamani, na kule kuonja ni kumwambia mgeni kwamba sina ubaya na wewe. Kwa hiyo mgeni akikuona umeonja na bado asinywe, amekwambia jambo zito kuliko tusi, tena amekwambia nyumbani kwako.

Nilionja, nikampa. Zaina akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani, kisha akakiweka chini, kando ya mguu wa kiti. Sote tuliona.

"Zaina, nimeonja," nikamwambia. "Umeniona."

"Nimekuona. Na simu nimeona unanikata. Sasa weye nikuamini wapi?"

Yakatoka yote: mama wa Kiyovu, simu zilizokatwa, kazi nyingi ambazo hakuziona hata moja mle ndani. Nimezika mimba yangu kimya kimya, leo rafiki yangu ananiona mwizi na mtia sumu. Nikamwambia avae viatu vyake aondoke.

Mama mkwe ndiye aliyenizuia. Alikuwa Mnyarwanda wa milimani, Kiswahili alikiokota sokoni, na maishani mwake hakuwahi kumiliki simu. Nilidhani atamkaripia Zaina. Akanigeukia mimi.

"Mwana wanjye, mwanangu, unamufukuza juu ya nini? Huyu iko amegombana na simu. Uso wako hajauona. Na weye, mudomo wako ulimuachia nani?"

Hawa akaanza kulia, akaeleza yote. Zaina akanitazama upya, macho yangu yaliyoingia ndani, mikono iliyokonda. Akaniuliza taratibu nilikuwa naumwa nini. Nikamwambia, tukalia pamoja. Lakini usidhani machozi yalimaliza mambo. Kikombe hakukinywa, na alipoondoka nilimwona Hawa akienda kukimwaga uani. Mama wa Kiyovu, tulikuja kusikia, alikuwa amehama na mumewe kurudi kwao.

Tangu siku ile mama mkwe alitukataza kupatana kwa simu. Mwenye neno na mwenzake amfuate alipo. Tukatii, ingawa mimi kwa shingo upande. Zaina akawa anakuja na nguo zake za kushona, simu zetu tukazitia kwenye kapu jikoni, tukakaa. Na kila mara nilionja kinywaji chake mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya desturi. Ya pili ilikuwa ya uchungu, sikufichi, nilitaka aione. Naye akinywa, nilimtazama koo kama kweli anameza. Shaka yake ilikuwa imehamia kwangu, ikakaa muda mrefu.

Hadi siku moja tulikuwa tukibishana juu ya kola ya gauni. Mimi nasema imepinda, yeye anasema macho yangu ndiyo yaliyopinda. Hawa akaingia na sinia. Zaina, katikati ya maneno, akachukua kikombe kabla mkono wangu haujakifikia, akanywa hadi nusu, akafuta mdomo, akaendelea kunisema juu ya kola. Hata hakujua alichofanya. Mimi nilijifanya nafuata uzi, nikaenda jikoni nikalia.

Kwa hiyo sikwambii uitupe simu, mwanangu, maana utanitafutia nini siku nikiumwa? Nakwambia uishuku. Ikikueleza kwamba rafiki yako amebadilika, usiijibu, nenda kwake. Ikikwambia mama yako yuko sawa, nenda ukamwone kama yuko sawa. Usimkabidhi mtu mwingine mdomo wako, hata akiwa mwema. Na ukifika kwa watu wako, simu itie kapuni, uwatazame wakiongea, ubishane nao juu ya kola na mambo mengine yasiyo na maana, maana mimi imani yangu na Zaina ilirudi kwa njia hiyo, sikuona nyingine.

Mungu akulinde na neno lisilo na uso. Akupe nyumba inayobishwa hodi, na akujalie mtu wa kupokea kikombe mkononi mwako akanywa, kabla wewe hujakionja.