Nilivyogeuka kesi ya mtihani wodini Songea

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimeona vijana wanabishana humu kuhusu GPA za vyuo vya udaktari, nami niweke yangu.

Sijasomea udaktari, niliishia kidato cha nne. Ila niliwahi kuwa maksi za mtu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe.

Mimi miguu haitulii. Nimekaa Makambako, nimekaa Tunduru kwenye korosho, nimekaa Mbamba Bay mpaka nikajua majina ya mbwa wa mtaa. Nikichoka narudi kwetu Mfaranyaki, nakuta hata kibanda cha chapati kimeshakuwa saluni.

Safari hii nilirudi na homa na kikohozi. Dada akanipakia bodaboda, nikalazwa kwenye hospitali moja (siitaji) inayofundisha wanafunzi wa udaktari. Daktari akasema kichomi, nikaanza sindano.

Ijumaa akaja binti mwanafunzi, nimwite Yustina. Mpole, ana adabu. Akanigongagonga mgongoni, akasikiliza, akarudia upande wa kulia. Macho yakamtoka.

"Mjomba, nakuomba. Wenzangu wakija waambie umechoka, wasikupime."

"Kisa?"

Akanieleza. Jumatatu kila mmoja anawasilisha mgonjwa mbele ya mwalimu. Maksi ni za kushindanishwa: hata wote mkifanya vizuri, wa mwisho anakula sapu, yaani anarudia mtihani. Na kesi ikishawasilishwa na mmoja, mwingine haruhusiwi. Yeye sapu anayo tayari, akiongeza nyingine ni disko, anafukuzwa chuo, anarudi Peramiho kulima.

Ndiyo maana wanafichana wagonjwa. Kuna mwenzake alimdanganya kwamba mgonjwa kahamishwa, kumbe amelala kitanda cha dirishani anakula ndizi.

Nikamwonea huruma, nikakubali.

Nisichojua ni kwamba alikuwa amesikia maji pembeni ya pafu, na hakumwambia daktari. Alikuwa anayatunza kwa ajili ya Jumatatu.

Jumamosi wenzake walipokuja nikawatimua. Mzee mmoja wa Mshangano, jirani yangu wa kitanda, akacheka sana. "Mwanangu, umekuwa mtihani wa taifa. Bado kuwekewa polisi tu."

Jumapili pumzi ikakata. Nikawa nakaa nimeinama, kulala siwezi.

Akaja kijana, nimwite Deo. Huyu ndiye anayeongoza darasa. "Shikamoo mzee, naweza kukupima?"

Nikasita. Yule mzee wa Mshangano akafoka: "Mruhusu bwana! Unataka ufe ili binti wa watu apate A?"

Nikamruhusu. Hata hakumaliza, alitoka mbio kumwita daktari. Nikapigwa picha, wakanitoboa ubavuni, maji yakavutwa. Wakuu, kupumua ni kitu kitamu, hamjui tu.

Jumatatu mwalimu akafika na kundi lake. "Huyu kesi ya nani?"

Deo akanyoosha mkono. Yustina akainamisha kichwa.

Nikaona nimpiganie. "Daktari, huyu binti ndiye aliyegundua kwanza. Tangu Ijumaa."

"Ijumaa?" Mwalimu akamgeukia. "Ulimwambia nani?"

Hapo nikajua nimemchoma.

"Sikumwambia mtu," akasema Yustina. "Nilikuwa namtunza kwa ajili ya leo."

Mwalimu akawauliza wote, "Nani mwingine ana mgonjwa anayemtunza kwa ajili ya leo?"

Deo akawa wa kwanza kuinua mkono. Wakafuata wengine, karibu kundi zima.

"Leo hakuna maksi," akasema. "Nendeni mkaseme mnachokijua, kila mtu kwa daktari wa mgonjwa wake."

Wakatawanyika kama kuku. Yustina nilisikia baadaye amerudishwa mwaka kwa kunyamazia yale maji. Disko imempita pembeni.

Mimi simchukii. Nilichojifunza ni kwamba ukimpa mtu maksi kwa kumshinda mwenzake, hata mgonjwa atamfanya mali yake. Na ukilazwa, usimkatalie mtu wa pili kukusikiliza kifua.

Mliopita vyuo hivyo, kwenu mlikuwa mnafichana wagonjwa? Semeni ukweli, hapa hakuna mwalimu.