Uma Wangu wa Mpera

Nakumbuka, mwanangu, siku ile vyuma vya kinu viliposhika vidole vyangu pamoja na muwa, na watu sita wakasimama wakinitazama. Hawakuwa wabaya. Hakuna aliyejua kuzima injini. Aliyejua ni Ochola peke yake, msimamizi wetu, na Ochola alikuwa ameenda kunywa chai. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa umeisha mpaka juu ya kifundo.

Ngoja nirudi nyuma. Nilikuwa kijana, shule niliiachia darasa la tano, nikapata kazi kwenye kinu cha sukari nguru karibu na Awendo. Siku ya kwanza nikauliza, "Bosi, hii mashine inalishwa vipi?"

Ochola akacheka. "Omera, ndugu yangu, muwa unausukuma, unaingia. Ama unataka cheti?"

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Wiki ya pili nikaona kwamba vipande vifupi vya miwa ndivyo vinavyovuta mkono. Nikakata tawi la mpera, nikachonga uma wa kusukumia miwa kutoka mbali. Wenzangu wakaupenda, kila mtu anauomba, na kazi ikaenda mbio. Nilidhani nitaambiwa asante, maana mtu akishukuriwa hata mgongo hauumi sana. Ochola akaushika, akaugeuza, akaniuliza mbele ya wote, "Mhandisi wa darasa la tano, umekuja kunifundisha kazi?" Akautupa motoni, chini ya sufuria la kuchemshia maji ya miwa.

Kosa langu ni hapo. Ningechonga mwingine. Nikarudi kusukuma miwa kwa mikono, na wenzangu vilevile. Kila mtu akaacha akili yake nyumbani, akaleta kazini mikono tu. Na mikono ndiyo iliyoliwa na kinu.

Siku hizi niko Homa Bay, kwa Mama Adhiambo anayekausha omena, wale dagaa wa ziwani. Siku tatu aliniweka kando yake akinionyesha kazi. "Uliza, baba," aliniambia, "kuuliza si ujinga." Nikamwambia kuinama na mkono mmoja kunanishinda, tuinue nyavu za kuanikia kutoka chini, tuziweke juu ya vigingi kama meza. Akakubali. Sasa omena hazina mchanga, na wanawake wote pale wanaziita meza hizo kwa jina langu. Akili ni ile ile iliyochomwa Awendo.

Kwa hivyo, mwanangu, usiguse mashine kabla hujaonyeshwa inavyozimwa. Wakikucheka, wacha wacheke. Kicheko hakikati kidole. Na siku ukipewa watu, wafunze mapema, samaki hukunjwa angali mbichi. Mtu akikuletea wazo lake, lipokee kwa mikono miwili, wewe uliye nayo. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima kama ulivyotoka.

Na wewe Ochola, nasikia bado unasimamia kinu kile. Pole yako siitaki. Simama mbele ya wale sita, useme kwa nini uliuchoma uma wangu, na kwa nini hukutuonyesha kuzima injini.